Sura ya Nne: Msomaji na Wasikilizaji Wake

Watu wengi waandikapo habari za mapenzi yao kwa vitabu huanza na siku waliyopewa kitabu cha kwanza, wakaeleza rangi ya jalada lake na harufu ya karatasi zake, na kwa hivyo hudhaniwa kuwa mapenzi hayo huzaliwa baina ya mtu mmoja na kitabu kimoja, faraghani, pasipo shahidi wa tatu. Mimi sikuyapata kwa njia hiyo, wala siamini kuwa wenzangu wengi wa pwani waliyapata hivyo. Kwetu sisi yalikuja kwa sauti. Kabla sijaijua alifu nilikwisha kuwa mmoja wa hadhira, na nilipokwisha kujua kusoma sikuachiwa nisome peke yangu, kwani palikuwapo masikio mengi yaliyonisubiri. Ningependa katika sura hii kueleza jinsi wasikilizaji wanavyomlea msomaji, tangu utoto wake hata utu uzima wake, na jinsi deni lao linavyobaki shingoni mwake aushi yake yote.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye asili ya watu wake ilikuwa Lamu ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Tanga, alikuwa na hati ya utenzi wa Mwana Kupona, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa wino mweusi uliokwisha kugeuka hudhurungi, akaihifadhi ndani ya kasha pamoja na kanga zake mpya na vipande vya udi. Hati ile tuliiona kwa nadra, kwa kuwa hakuhitaji kuifungua: utenzi wote alikuwa nao kwa ghaibu, akiughani baada ya alasiri huku akisuka ukili, na wanawake wa jirani waliokuja na kazi zao za mkono ndio waliomrejesha pale alipouruka ubeti. Utenzi huo ulitungwa yapata mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa na akaona haja ya kumwachia wasia binti yake, Mwana Hashima. Maneno ya mama mmoja kwa mtoto wake mmoja yalipita basi kutoka kasha hata kasha na kutoka kinywa hata kinywa, yakashuka pwani yote, mpaka yakafika kibarazani petu ambapo mtoto wa kiume, ambaye wasia ule haukukusudiwa kwake, aliyanywa pamoja na uji wa jioni. Sikufahamu nusu ya maneno, kwa kuwa yalikuwa ya Kiamu na ya zamani. Lakini mizani na vina nilivifahamu barabara, na hata leo nikisoma nathari ya mtu yeyote naisikiliza kwanza kabla sijaipima kwa akili.

Wasomi wa siku hizi huuliza kama fasihi yetu ni ya maandishi au ya mdomo. Bibi angelistaajabia swali hilo. Hati ililinda sauti isipotoke, na sauti iliilinda hati isioze kasha likafunguliwa na mtu asiyejua thamani yake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yaliishi hivyo hivyo: watu wa Mvita waliyashika nyoyoni mwao, na mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua, aliyeyajua na kuyafahamu, akayanakili na kuyafasiri kwa ajili ya Padre William Taylor, ndipo mwaka 1940 diwani ikapigwa chapa na William Hichens. Karne nzima ikapita baina ya kufa kwa mshairi na kuzaliwa kwa kitabu chake, na katika karne hiyo walioyabeba mashairi ni watu ambao majina yao, isipokuwa machache, hakuna ayajuaye. Nawataja hapa kwa taadhima, kwa sababu nadhani kila msomaji wa Muyaka ni mdeni wao.

Chuoni nilikwenda kama walivyokwenda watoto wote wa mtaa, na ubao na kalamu ya mwanzi, nikafundishwa herufi na irabu zake, fataha na kasira na dhumma, na baada ya hapo Juzuu Amma, sura fupi fupi hata ndefu. Wako wanaoilaumu elimu ile kwa kuwa mtoto alisoma asichokifahamu. Lawama hiyo ina hoja ndani yake, walakini imesahau jambo moja: mtoto aliyefundishwa kuwa herufi moja ikitamkwa isivyo hugeuza maana ya neno tukufu, hata kama maana hiyo bado hajaijua, hujifunza uangalifu ambao hawezi kuupata kwa njia nyingine, na uangalifu huo huhamia katika kila kitu atakachokisoma baadaye. Mwalimu wetu alikuwa akisikiliza watoto wengi kwa pamoja, kila mmoja na mahali pake na kwa sauti yake ya juu, naye aliweza, macho kayafumba, kumtambua mmoja aliyekosea na kumwita kwa jina. Yeye alikuwa msikilizaji wangu wa kwanza aliyekuwa mkali.

Herufi za Kirumi nilizipata katika skuli ya serikali, upesi na bila taabu, na hazikupita siku nyingi kabla mtaa haujajua kuwa mtoto wa nyumba fulani anaweza kusoma barua. Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili. Vijana wengi wa Tanganyika walikuwa wameandikwa katika jeshi la King's African Rifles, wakapelekwa Uhabeshi na Madagaska, na tangu mwaka 1944 Burma. Na barua zao, zilizoandikwa na wao wenyewe au na mwenzao aliyejua kalamu, zilifika kwa mama zao zikiwa zimekwisha kupita mikononi mwa wakaguzi, baadhi yake zimekatwa penye jina la mahali. Mama hawa hawakujua kusoma. Walikuja nyumbani kwetu baada ya magharibi, barua imefungwa pembeni mwa leso, wakapokea shikamoo yangu, wakaketi mkekani, nami nikasogezewa kandili.

Msomaji asiyewahi kuisoma barua ya wakati ule mbele ya wenyewe huenda asijue uzito wake. Nusu yake ilikuwa salamu. Mwana humsalimu mama, na baba, na mjomba, na shangazi, na jirani wa kulia na wa kushoto, na mzee wa msikiti, na kila aliyetajwa alikuwa na haki ya kulisikia jina lake kwa masikio yake mwenyewe. Asipokuwapo aliitwa, na kusoma kukasimama mpaka afike. Nimepata kuona watu wazima wakitoka nyumba ya tatu, wanapangusa mikono, waje kusikia kuwa wamesalimiwa kutoka nchi wasiyoijua iko upande gani wa dunia. Baada ya salamu ndipo habari, nazo zilikuwa chache, kwa kuwa askari hakuruhusiwa kusema mengi, na mara nyingi hakutaka kumtia mama hofu. Walakini sentensi moja fupi, kama ile ya kijana aliyeandika kuwa mvua ya huko haina mwisho na kwamba rafiki yake waliyeondoka naye hawako pamoja tena, ilirudiwa kusomwa mara nyingi kwa amri ya wasikilizaji, kila mmoja akitafuta ndani yake maana ambayo mwenzake hakuiona. Sijapata kukutana katika maisha yangu na wahakiki wa fasihi waliolipekua neno kwa bidii kama akina mama wale.

Usiku mmoja ilikuja barua yenye msiba. Bibi yangu, ambaye alikuwa ameketi nyuma yangu, aliniona nimesita kabla sijatamka neno, akanishika bega, akawaambia wageni kuwa macho ya mtoto yamechoka na barua itasomwa asubuhi. Nao walipoondoka aliniuliza, nikamweleza. Akasema, "Tangu leo, mjukuu wangu, isome kwanza kwa macho, mpaka mwisho, kisha ndipo uisome kwa ulimi." Asubuhi yake walikuja wazee, na mama yule akaambiwa kwa namna inayostahili, mbele ya watu wa kumshika.

Hivi ndivyo nilivyojifunza kusoma kimya. Najua kuwa wengine hufundishwa na walimu, kwa ajili ya mbio na ufahamu, na wengine hujifunza wenyewe kwa sababu ya tamaa ya kisa. Mimi nilifundishwa kwa ajili ya huruma, ili jicho litangulie kuona kilichoko mbele kabla ulimi haujamjeruhi mtu. Kadhalika nilijifunza kuwa kilichosomwa ni amana. Nilijua madeni ya watu, na magomvi ya ndugu, na posa zilizokataliwa, nami sikuwa hata na umri wa kufunga saumu ya mwezi mzima. Na sikupata kumsikia mtu akinitahadharisha nisiseme, kwa kuwa kila mmoja alidhani kuwa jambo lile liko wazi kwa aliyekabidhiwa.

Wanaume nao walikuwa na majlisi yao. Kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja wa mtaa wetu palisomwa *Mambo Leo*, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, ambalo nakala moja ilitosha watu ishirini na kuzidi. Habari za bei za mazao na matangazo ya serikali zilisikilizwa kwa adabu. Ukurasa wa mashairi ulisikilizwa kwa moyo wote. Washairi wa bara na pwani walikuwa wakiulizana na kujibizana humo, swali likatoka mwezi huu na jibu likaja mwezi wa pili au wa tatu, na baina ya miezi hiyo baraza zima lilikuwa limekwisha kutunga majibu yake na kuyagombania. Hapo ndipo nilipolisikia kwanza jina la Shaaban Robert, mtu wa Tanga aliyekuwa karani wa forodha, ambaye wazee wale walimtaja kama watajavyo mtoto wa ukoo aliyefaulu. Nikisoma shairi lake vibaya, nikakata mahali pasipo kituo, waliniamuru nirudi mwanzo wa ubeti, si mwanzo wa mshororo, kwa sababu, walisema, ubeti ukivunjika mahali pamoja umevunjika wote.

Ikaja zamu ya kabati la skuli. Humo nilivikuta vitabu ambavyo kila Mswahili wa rika langu aliyepita darasani anavikumbuka: *Hekaya za Abunuwasi*, hadithi za *Alfu Lela Ulela*, *Kisiwa chenye Hazina*, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, na *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934 na kutueleza habari za babu zetu kwa kalamu ya mtu wa kwetu. Vile viwili vya kisiwa na mashimo vilitafsiriwa na Frederick Johnson, ambaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kumfanya mtoto asijue kuwa vilipata kuandikwa kwa lugha nyingine. Nimesoma baadaye maneno ya wataalamu walioonyesha jinsi hadithi ya mashimo inavyomtukuza mgeni na kumdogosha mwenyeji, nami nakubaliana nao. Lakini natoa ushahidi kuwa mtoto hakisomi kitabu kwa njia aliyoitaka mwandishi. Mimi sikumfuata mwindaji wa tembo. Nilimfuata Umbopa, aliyekwenda kama mtumishi na ilhali ni mwana wa mfalme, na safari yote ile ya jangwa na milima kwangu ilikuwa safari ya mtu anayerudi kwake kudai haki yake.

Vitabu hivi nilivisoma kwa macho tu, pembeni, bila ya kumsomea mtu, na jambo hili lilileta wasiwasi nyumbani. Katika nyumba iliyozoea kila maandishi kuwa na sauti, mtu aliyekaa kimya muda mrefu, ameinama, alikuwa mgonjwa au ana simanzi, na mama yangu mara kwa mara alikuja kunigusa kipaji cha uso. Nilikuwa sina ugonjwa. Nilikuwa nimegundua nchi ambamo mtu huingia peke yake, na utamu wa nchi hiyo siwezi kuukana hata leo, kwani yako mambo ambayo hayasomeki mbele ya hadhira: mambo yanayomhoji mtu nafsi yake, yanayotaka mtu asimame katikati ya ukurasa na kuangalia ukuta. Baraza halina subira ya ukimya wa namna hiyo.

Nilipokuwa karani wa serikali na kupelekwa bara, katika wilaya ambayo barua ya nyumbani ilichukua wiki, upweke huo ukawa ndio maisha yangu. Namshukuru Mungu kuwa wakati ule ilikwisha kuundwa, mwaka 1948, East African Literature Bureau, iliyochapa vitabu vya lugha zetu na kupeleka masanduku ya vitabu ya kuazimisha katika vituo vya mbali, na kumwezesha mtu kuazima hata kwa posta. Sanduku lilipofika tulilifungua kwa shauku ambayo wenye maduka ya vitabu mlangoni mwao hawataijua. Nilisoma kilimo cha kahawa, ufugaji wa nyuki, habari za wasafiri, historia za makabila. Nilisoma kila kilichokuwamo, hata vile nisivyovihitaji, na katika vile nisivyovihitaji ndimo nilimopata maarifa niliyoyatumia zaidi. *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, hakikuja katika sanduku; nilikiagiza kwa mshahara wangu, nikakisoma usiku mmoja mpaka mafuta ya taa yakaisha. Humo Karama, aliyeshitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu uanasheria, anasimama mbele ya baraza la watawala na kujitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia kuitafutia nchi yao manufaa, wakarudi wakalipwa gereza. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, nimekaa peke yangu penye kituo cha bara, na nilitamani kuwe na mtu mmoja wa kumwambia, "Sikiliza hapa." Kitabu kile kizima ni sauti ya mtu mbele ya wasikilizaji, nami nilikuwa nakisoma bila ya hata mmoja.

Tamaa hiyo ilikidhiwa baada ya miaka, nilipohamishiwa milima ya Usambara. Mwaka 1962 *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi lAjjemy, kilichapwa upya chini ya uangalizi wa J. W. T. Allen. Hapo kwanza kilikuwa kimepigwa chapa kwa mafungu na wamisionari wa Magila, baina ya mwaka 1895 na 1907, na nakala zake zilikuwa zimekwisha kuwa adimu kama lulu. Ni tarehe ya ukoo uliotawala Usambara, tangu Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyefika kutoka Nguu na kufanywa mfalme kwa ajili ya ukarimu wake wa nyama, mpaka vita vya wajukuu zake. Na kwa maoni yangu ni nathari bora kabisa iliyoandikwa kwa Kiswahili katika zama zile, yenye mazungumzo yaliyo hai hata mtu huyasikia. Niliwasomea wazee wa Kishambaa jioni kadhaa. Hawakusikiliza kama wanafunzi. Walinisimamisha kila ukurasa: huyu hakuwa mtoto wa huyu, yule mama alitoka kilima kile si hiki, maneno haya hakuyasema mfalme Kimweri, aliyasema mdogo wake. Mzee mmoja alikataa sura nzima, akaisimulia upya kwa njia ya nyumba yao, na mwenzake akamkatalia, na kitabu kikakaa pajani mwangu kimefunguliwa muda wa saa mbili bila ya kusomwa. Niliyoyajua juu ya kitabu kile baada ya jioni zile hayamo ndani yake, na mtu atakayekisoma chuo kikuu kwa miaka mitano hatayapata.

Uhuru ulipokwisha kupatikana, mambo ya vitabu yalikwenda kwa kasi: Mwalimu Nyerere akaitoa tafsiri yake ya *Julius Caezar* mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam Desemba 1967, nyumba nzuri iliyojaa mwanga ambamo nimepitisha likizo zangu nyingi. Hata hivyo, katika mwaka huo huo wa 1967, takriban watu wazima wawili katika kila watatu nchini walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nilikuwa karibu na umri wa makamo, nikajitolea kufundisha kisomo katika kijiji kimoja cha wilaya yetu, jioni, watu wanapotoka mashambani.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa wanawake, na wengine wao walikuwa na umri wa mama zangu waliokuja na barua pembeni mwa leso. Vitabu vya kisomo vya wakati ule vilifundisha herufi kwa habari za kazi, pamba na ndizi na uvuvi na mifugo, na vilikuwa vitabu vizuri kwa kazi yake. Lakini bibi mmoja aliponiambia sababu yake ya kuja darasani, hakutaja mazao. Alisema ana mtoto wa kiume mjini, na kwamba kwa miaka yote barua za mtoto huyo amezisikia kwa sauti za watoto wa watu. Anataka kabla hajafa azisikie kwa sauti yake mwenyewe. Nilitambua hapo kitu ambacho nilikuwa nimekishika tangu utoto bila ya kukijua. Wale niliowasomea walikuwa wamenikopesha haki yao, kwa sababu ya dhiki, nami niliyapata mapenzi yangu yote ya kusoma kutoka katika mkopo ule. Kumfundisha bibi yule kulikuwa ni kulipa.

Darasa lilipokwisha kuijua herufi, tatizo likawa la vitabu. Mtu aliyejifunza kusoma na asipate cha kusoma husahau, nami nimeshuhudia watu waliopewa shahada zao wakarudi, baada ya mwaka, kutia dole gumba. Serikali ilileta maktaba ndogo vijijini na magazeti ya wakulima, yakasaidia. Nami kwa upande wangu nilichukua nakala yangu ya *Kusadikika*, nikawaambia tutaisoma kwa zamu, kila mtu ukurasa, kwa sauti. Tulikwenda polepole mno. Walikwama penye maneno mazito ya Shaaban, wakasaidiana, na kabla hatujafika kwa mjumbe wa pili darasa lilikuwa limegawanyika pande mbili, wengine wakimtetea Karama na wengine wakidai kuwa mtu mwenye busara angelinyamaza mpaka apate wenzi, na mabishano yakawafuata mpaka kisimani na shambani. Watu wasiokuwa wanafunzi wakaanza kuja kusikiliza. Kabla ya hukumu bibi yule aliomba akichukue kitabu, kwa kuwa hakuweza kungoja mpaka wiki ijayo, nikampa. Kutoka kwake kilikwenda kwa dada yake, na kutoka kwa dada yake kikavuka kwenda kijiji cha pili, na nilipohamishwa wilaya ile kilikuwa bado kiko njiani, sikukidai, nikanunua kingine.